Kona ya Nyumba Namba Saba

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Barasa kwao, ng'ambo ya Webuye, kwenye shamba la mahindi lililokuwa limevunwa juzi tu, mabua bado yamelala chini. Nilifika nimechelewa, nikaketi nyuma na akina mama wa jirani. Ilipofika zamu ya watu waliofanya kazi naye, mwanawe mkubwa alishika kipaza sauti akauliza, "Fundi Mwikali wa kutoka Kitengela amefika?" Nikasimama. Nilisema alinifundisha kufunga kona ya bafu ili maji yasipite. Nilisema hakuwahi kuniita msichana mbele ya mafundi wanaume, na kwamba kule Noonkopir, mtaa wa Kitengela, ziko nyumba ambazo hazijadondosha hata tone tangu azifunge. Nikaketi. Mama mmoja akanigusa goti, akaniambia nimesema vizuri. Nilikuwa nimesema kweli tupu, lakini nilikuwa nimesema kidogo. Sasa nimepita miaka hamsini, na kuna mwaka mmoja ambao sijawahi kuusimulia mzima kwa mtu yeyote, hata kwa Mutua mume wangu, ingawa yeye yumo ndani yake bila kujua. Ni ule uliofuata mvua kubwa za El Nino. Barasa aliujua wote. Sasa anayeujua nimebaki mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na cheti cha uashi kutoka chuo cha ufundi huko Machakos. Watu wa viwanda vya Athi River walikuwa wakitafuta nyumba za kupanga, na wenye mashamba wa Kitengela walikuwa wakijenga. Mzee Parsimei alikuwa mmoja wao, Mmaasai mrefu wa maneno machache, aliyeuza sehemu ya malisho yake akasimamisha ghorofa yake ya kwanza na, alivyosema mwenyewe, ya mwisho: nyumba kumi na mbili, kila moja na bafu lake la ndani, jambo la kujivunia siku hizo. Kila asubuhi alikuja na fimbo yake akasimama kando ya rundo la kokoto. "Takwenya," alinisalimu, nami nikamjibu "Iko," kama nilivyofundishwa. Kisha alimgeukia Barasa, msimamizi wetu, mtu mfupi mwenye upara aliyevaa sweta hata jua likiwa kali, penseli nyuma ya sikio. "Hii nyumba itasimama?" Barasa alimjibu vile vile kila siku: "Itasimama, Mzee, tukiiheshimu." Swali halikuwa la bure. Udongo wa pale ni mweusi. Ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwiko, na nyumba iliyokaa juu yake haitulii. Mzee alikuwa amechungia ng'ombe kwenye udongo huo tangu utotoni. Alijua unavyomeza.

Barasa alinipa mabafu. Alisema mikono yangu ina subira kuliko ya wanaume aliokuwa nao, na bafu linataka subira pale sakafu inapokutana na ukuta. Siku ya kwanza alipiga magoti, akapitisha kidole gumba kwenye kona hiyo kutoka mlangoni mpaka chini ya bomba. "Sakafu ni mtu wake na ukuta ni mtu wake," akaniambia. "Umewaweka pamoja lakini hawajaoana. Ukiwaunga na simiti peke yake, siku moja wakikosana kidogo tu, maji inaingia katikati. Na maji haina haraka, Mwikali. Mtu ndiye ako na haraka." Kwa hiyo kona ile hatukuiacha ikiwa kali. Tuliijaza simiti laini, tukaizungusha kwa mgongo wa chupa mpaka ikawa na mbonyeo kama bakuli. Ikikauka tulipaka lami ya maji, nyeusi kama masizi, ikipanda ukutani kiasi cha shubiri moja. Juu ya lami mbichi tulilaza kitambaa cha gunia laini, tukakikandamiza kwa brashi mpaka kikazama kabisa, kisha lami tena, na tena. Kitambaa ndicho kilichoiwezesha kona kuvutika bila kukatika. Baadaye tuliziba tundu la maji machafu, tukajaza bafu mpaka kifundo cha mguu, Barasa akachora mstari wa penseli ukutani mahali maji yalipofika. Tuliacha siku mbili. Maji yakishuka chini ya mstari, au dari ya chini ikionyesha unyevu, kazi yote ilianza upya. Hapakuwa na kigae kilichowekwa kabla ya mstari huo kuonekana.

Nyumba namba saba ilikuwa ghorofa ya kwanza, upande wa nyuma. Ijumaa moja ya mwezi wa nne nilikuwa humo peke yangu, kona imekauka, nimepaka lami mara moja. Mutua, ambaye alikuwa analima vitunguu kwa maji ya mfereji huko Kimana, alikuwa ametuma neno kwamba wazazi wake watakuwa huko Jumamosi na wanataka kuniona. Gari la mwisho ambalo lingenifikisha lilikuwa la saa saba mchana. Barasa alikuwa amekwenda Kajiado kutafuta mbao. Nilitazama kile kitambaa kimekunjwa kwenye ndoo. Kukilaza vizuri kungenichukua mpaka jioni. Nikajiambia kwamba lami yenyewe ni nzito, kwamba watu wengi wa mtaani hawaweki hata lami. Nikapaka mara ya pili bila kitambaa. Nikalowesha ukuta kwa ndoo moja ya maji mpaka shubiri moja kutoka chini. Kisha nikatoa penseli yangu mwenyewe, nikachora mstari, nikiupinda kidogo mwishoni jinsi Barasa alivyozoea kufanya. Nilioga, nikavaa gauni, nikaenda Kimana. Wazazi wa Mutua walinipenda. Tulikula nyama na vitunguu vilivyong'olewa siku ile ile, mama yake akaniuliza kazi yangu ni gani hasa, nikamwambia ninazuia maji yasipite, wote wakacheka. Jumanne Barasa aliingia namba saba, akauona mstari, akatikisa kichwa kukubali. "Haya. Weka taili," akasema.

Wapangaji walianza kuingia mwezi wa sita. Mzee Parsimei alitaka mtu wa kukaa pale kuangalia mabomba na mafuriko madogo madogo, na Barasa akanitaja mimi. Nilipewa stoo ya chini, chumba chenye dirisha moja, kitanda cha chuma, jiko la mafuta ya taa na msumari wa kutundika nguo. Swichi kubwa ya umeme wa jengo zima ilikuwa nje, chini ya ngazi, hatua kama sita kutoka mlangoni pangu. Sikuchagua chumba hicho. Nililala siku ya kwanza nikitazama juu, ndipo nikahesabu vyumba kichwani na kugundua kwamba juu ya kitanda changu hakuna kingine ila bafu la namba saba. Nikacheka peke yangu. Nilifikiri ni kioja.

Aliyepanga namba saba alikuwa Felistas, mwalimu wa chekechea kutoka upande wa Magharibi, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na pamoja naye mama yake mzazi ambaye jengo lote lilimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya. Kukhu alikuja kutibiwa magoti akabaki. Alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuimba kwaya, na hakuweza kumwona mtu akipita bila kumwuliza kama amekula. Wiki ya pili alinishika ngazini. "Wewe unakaa huko chini kama panya. Unakula nini?" Nikamwambia muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe. "Ya jana?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo, Jumatano na Jumapili, nilipanda namba saba kula. Alipika mboga ya mrenda kwa munyu, ile chumvi ya majivu, ugali mgumu wa kukatwa kwa kidole, na dagaa wa omena aliowakaanga mpaka wakalia mdomoni. Mimi nilileta vitunguu vya Kimana, ambavyo Mutua alituma gunia zima. Tulikula mezani karibu na ukuta wa bafu, Felistas akisimulia watoto wa shule, Kukhu akimkatiza. Nilikuwa nikilitazama lile bafu mlango ukiwa wazi. Vigae vyeupe, mistari imenyooka. Felistas aliwaambia wageni, "Huyu ndiye alitujengea hii bafu, mwanamke kama sisi." Na Kukhu aliongeza, "Mikono yake ibarikiwe."

Doa lilionekana mwishoni mwa mwezi wa saba, katika baridi. Lilikuwa dogo kama sahani ya kikombe, rangi ya chai ya maziwa, pembeni mwa dari yangu. Nilipanda juu ya kitanda nikaligusa. Halikuwa na maji. Lilikuwa na ubaridi. Siku hiyo hiyo nilichukua chokaa iliyobaki, nikalipaka. Baada ya wiki mbili lilirudi likiwa pana zaidi, na katikati pameota unga mweupe kama chumvi, unaodondoka ukiupuliza. Nikapaka tena. Kiangazi kikaja, udongo ukaanza kupasuka kuzunguka jengo, nami nilijua vizuri kinachotendeka: nyumba ilikuwa inakaa upya, ukuta unavuta huku, sakafu kule, na katikati yao hakuna kitambaa. Watu hufikiri maji yanayovuja hufanya kelele. Yale hayakuwa na sauti. Hayakudondoka hata mara moja. Yalinywewa na ukuta polepole kama mgonjwa anavyolishwa kwa kijiko, yakashuka, yakapanda, yakaenda yalikotaka. Tulisoma shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwalimu alituambia methali hiyo inahusu tabia. Nililala chini ya ufa wangu mwenyewe miezi mitatu, chokaa chini ya kitanda.

Kilichonitesa zaidi ni bomba la maji machafu. Lilipita kwenye kona ya chumba changu, na kwa sababu lilikuwa tupu wakati mwingi, lilileta chumbani sauti za juu kana kwamba wako nyuma ya pazia. Nilimsikia Kukhu akiimba asubuhi. Nilimsikia Felistas akisali, mara moja akitaja jina langu, ili nipate nyumba nzuri na Mutua. Siku moja ya mwezi wa kumi, mchana, nilisikia Kukhu akipiga ukelele mfupi, halafu akacheka. "Feli! Hii ukuta inauma!"

"Inauma aje, Mama?"

"Nimeshika bomba nifungue maji, imenifinya. Kama siafu."

"Si ni hiyo mikono yako tu. Ulisema inakufa ganzi."

"Mikono yangu naijua. Hii ni ukuta."

Nilikaa kitandani. Nilijua kuna nini ndani ya ukuta ule. Upande wa pili wa bafu ni chumba cha kulala, na chini, karibu na sakafu, kuna soketi ambayo Felistas alichomeka pasi. Kisanduku cha soketi hiyo kilikuwa ndani ya ukuta ule ule, shubiri moja tu kutoka kwenye kona yangu, na bomba la chuma lilipita karibu nacho, katika unyevu ule ule. Nilisimama, nikatoka mpaka nje, nikaangalia swichi kubwa, nikarudi. Jumapili iliyofuata, tukila, nilimwambia Kukhu avae ndala za mpira akiingia bafuni. Alinitazama. "Kwa nini?" Nikasema sakafu inateleza. Alizivaa siku mbili akaziacha, kwa sababu zilimbana.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza zaidi yake. Nilimwogopa Barasa, lakini si kwa kelele, maana hakuwa mtu wa kelele. Niliogopa ile namna alivyotikisa kichwa alipouona mstari. Niliogopa pia wanaume wa kazini, waliokuwa wakisubiri tangu siku ya kwanza mwanamke aharibu kitu. Na kila wiki niliyonyamaza iliifanya inayofuata iwe ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza kosa na unyamavu pamoja. Nilipanga kusema baada ya mvua ya vuli. Nilisema mvua ikipita nitaona.

Ilianza kunyesha wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Jumapili asubuhi Felistas alitangulia kanisani kupanga watoto, Kukhu akabaki aoge amfuate. Nilikuwa namenya viazi mlangoni, mvua imepungua kuwa manyunyu. Nikasikia maji yakifunguliwa juu. Kisha bomba la machafu likaleta sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama ya mtu aliyeinua mzigo mzito na hawezi kuutua, sauti moja, chini, isiyokatika. Sikupanda ngazi. Sikuita mtu. Nilitupa kisu, nikakimbia hatua zile sita, nikashusha swichi kubwa kwa mikono miwili. Redio zote za jengo zikanyamaza. Juu yangu kitu kizito kikaanguka.

Nilimkuta ameketi sakafuni, amejifunga leso, mgongo kwenye vigae, mkono wa kulia mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kiganja kilikuwa kimeungua mahali kilipolishika bomba, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeupe. Alikuwa anapumua. Macho yake yalinitazama bila kupepesa. "Ilinishika," akasema. "Nilitaka kuacha, ikakataa." Maji yalikuwa bado yanatiririka kutoka bomba lile lile, safi kabisa, yakikimbilia konani.

Majirani walijaa. Mtu mmoja alimleta Mzee Parsimei na pikapu yake, wakampeleka Kukhu hospitali, na kabla gari halijatoka tayari habari ilikuwa imeenea kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Fundi wa kike, alisikia tu akajua, akazima stima. Mama wa namba nane alinikumbatia mbele ya watu. Jioni mapema Mzee alirudi, akanikuta uani, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando kilichotengenezwa na mke wake. "Umeweka mtu hai katika nyumba yangu," akasema. "Ashe oleng." Asante sana. Nilikipokea. Nilikunywa mbele yake, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi, mpaka kibuyu kikaisha.

Barasa alikuja Jumatatu na patasi na nyundo. Hakuniita. Nilimsikia kupitia bomba akigonga, nikapanda mwenyewe. Alikuwa amepiga magoti pale pale alipopiga magoti siku ya kwanza kunifundisha, amebandua vigae vinne. Chini yake palikuwa peusi, na ndani ya weusi huo ufa mwembamba kama uzi ulifuata kona yote, sakafu huku, ukuta kule. Alichomeka ncha ya patasi, akaivuta lami. Ilitoka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

"Kitambaa kiko wapi?" akauliza.

"Sikuweka."

"Na mstari wa penseli?"

"Niliuchora mimi."

Aligeuza ndoo akaikalia. Kwa muda mrefu alifuta patasi kwa kona ya sweta. "Kazi ya wale vijana wengine niliangalia mara mbili," akasema hatimaye. "Yako niliangalia mara moja." Nilingoja anitukane na hakunitukana. Aliposimama aliniambia nitaikata kona yote mwenyewe, nitaijenga upya, na mafundi wa umeme watakuja kutoa kisanduku kile. "Lakini mbele ya hiyo, huyo mama akirudi, utamwambia. Si mimi. Wewe."

Kukhu alirudi siku ya nne, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Felistas alikuwa bado hajarudi kutoka shuleni. Nilimkuta ameketi kwenye kiti kilichoelekea bafu, mlango wake umefungwa kwa kamba. Alinielekeza kwenye sufuria. Alikuwa amepika kwa mkono wa kushoto, ugali umebaki na madonge, mrenda umemwagika kwenye jiko. Nilipakua, nikakaa, nikashindwa kuweka tonge mdomoni. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya gari la saa saba, kitambaa, penseli, doa, chokaa. Nilimwambia kwamba nilimsikia siku aliposema ukuta unauma. Sikulia, kwa sababu niliona kwamba kulia kungekuwa kumpa kazi ya kuninyamazisha.

Alikula polepole. Alipomaliza akapangusa mdomo. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Kukhu?"

"Watu wanasema ulisikia, ukakimbia. Mimi nilikuwa hapo. Mtu akisikia mwenzake anaumia, anakimbia kwake, anauliza ni nini. Wewe ulikimbia kwa stima. Hukuuliza. Nililala huko hospitali nikasema, huyu mtoto alikuwa amengoja hii siku." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nianze. "Sasa niambie. Ni hii peke yake?"

Nimeandika mpaka hapa kana kwamba ni nyumba moja. Ndivyo nilivyomwambia Barasa, na ndivyo nilivyojiambia mwenyewe miezi yote ile, nikiitaja namba saba, namba saba, mpaka nikaamini. Lakini mtu akishajua kuchora mstari, mkono unazoea. Safari za Kimana zilikuwa zaidi ya moja. Kukhu aliweka mkono wake wa bandeji mezani kati yetu. Nje watu wa ghorofa ya juu walikuwa wanarudi kutoka kazini, ngazi zinavuma kwa viatu, mlango unafunguliwa, mwingine unafungwa, na mahali fulani juu ya vichwa vyetu mtu akafungua maji.

"Nne, pamoja na hii," nikasema. "Namba tisa, kumi, na kumi na mbili."

"Basi unaketi hapa kufanya nini?"

Nilipanda. Namba tisa alifungua kijana wa kiwandani, taulo begani, tayari kuoga. Nilimwambia asiingie bafuni mwake, nikamwambia sababu, kwa maneno machache, nikaona uso wake ukibadilika. Nikaenda kumi. Nikaenda kumi na mbili. Kisha nikashuka, nikazima swichi kubwa tena, nikatembea mpaka kwa Mzee Parsimei, mwendo wa kama nusu saa kwenye tope linaloshika viatu, nikamkuta anahesabu mbuzi wakiingia zizini. Barasa alikuwa amefika kabla yangu, lakini alikuwa hajasema. Alikuwa amekaa tu kwenye gogo akiningoja, kwa kuwa alijua Kukhu amerudi. Mzee alinisikiliza amesimama, hakunikatiza. Nilipofika kwenye nyumba nne, Barasa aliinamisha kichwa.

"Nilikupa maziwa," Mzee akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ulikunywa."

"Ndiyo."

Alitazama mbuzi kidogo. Nilitarajia kufukuzwa, na nadhani moyoni nilitamani. "Hutaenda," akasema. "Utafunga zote nne. Huyu ataangalia, mara tatu kama anataka. Halafu utalala kwa kile chumba chini yao mpaka mvua ya masika imalize. Kama ni kuanguka, ianguke kwako wa kwanza."

Nilizifunga kabla ya Krismasi. Barasa alikuja kila hatua, akapitisha kidole gumba, akachora mistari mwenyewe, na katika wiki zote hizo hakuniambia neno lolote lisilo la kazi. Wale wanaume wa kazini walijua. Sikumbuki mmoja aliyenicheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Nilipanda namba saba kula kama kawaida, kwa sababu Kukhu aliniita. Felistas hakunisalimu mpaka mwezi wa pili. Aliweka sahani yangu mezani akaenda kukaa chumbani. Usiku na mchana nilitazama dari. Masika ilikuja mwezi wa tatu, nzito, udongo ukavimba, milango mitatu ya jengo ikakataa kufunga. Nyumba ilikuwa inasogea, niliisikia ikilia kwenye viungo vyake. Kila asubuhi nilipanda kitandani nikapapasa dari kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Sikuwahi kuiamini. Mutua alipotaka tupange arusi nilimwambia mvua ipite kwanza, naye akafikiri nahofia barabara.

Kukhu aliondoka mwishoni mwa mwezi wa tano. Mkono ulikuwa umepona kadiri ulivyoweza kupona: vidole viwili vya mwisho vilibaki vimenyooka, havikunjiki, na hakuweza tena kukata ugali wala kushika mwiko kwa mkono huo. Nilimbebea begi mpaka stendi. Njiani alizungumza habari ya kunde zake na kuku alioachia jirani. Gari lilipokuwa tayari alinigeukia, na nikanyoosha mkono wa kushoto, nikijua wa kulia unamsumbua. Hakuupokea. Alingoja mpaka nikautoa wa kulia, ndipo akaushika kwa ule wake, na nikavihisi vile vidole viwili, vigumu, vimelala juu ya mshipa wa mkono wangu wakati vingine vimefumba. Alinishika hivyo mpaka utingo akagonga bodi ya gari. Hakusema amenisamehe, na sikuomba.

"Ukipita pale kwa Feli," akasema, "guza hiyo kona."

Akapanda, akakaa upande wa dirisha, na gari likaingia barabara ya Nairobi.